Meza ya Kaka Iliyokatwa Miguu

Niliporudi Mofu kutoka shule ya serikali kule pwani, vita vilikuwa vimekwisha na nyumba yetu haikuwapo. Askari walikuwa wamechoma nyumba na maghala, na mitumbwi wakaipasua kwa mashoka. Watu waliorudi kutoka milimani walichakura majivu wakitafuta majembe yao. Chuma kilipatikana, lakini mipini ilikuwa imeungua.

Mchonga mipini wa kijiji alikuwa kaka yangu. Yeye alikuwa amekunywa dawa ya maji pamoja na wenzake, akaenda kulishambulia boma la Mahenge, na risasi ikamvunja mkono wa kushoto. Mkono ulipona ukiwa umekauka, vidole vimekunjamana, hauwezi kushika hata kikombe.

Alizoea kuchonga ameketi chini, mti ameukamata kwa mkono mmoja na nyayo, tezo ikiwa mkono wa pili. Sasa kila alipopiga tezo mti ulizunguka. Shemeji alikuwa akichimba mizizi porini ili amlishe yeye na watoto, na wakati wa kula kaka hakumtazama usoni. Mvua zilikuwa karibu. Kama angeweza kuchonga, watu wangelima, naye angepata mbegu zake kwao. Kama hawezi, sijui nani angelima nini.

Mimi nilikuwa kijana wa maswali. Shuleni nilimuuliza mwalimu mtawala wetu amepewa na nani nchi ambayo hajawahi kuiona, nikachapwa. Nyumbani nikamuuliza kaka ilikuwaje akaamini kwamba maji yanazuia risasi.

"Ungeuliza hivyo siku ile, ungechapwa vilevile," alisema.

"Lakini uliamini?"

"Wewe bunduki unajua inavyofanya kazi?"

"Najua. Baruti inawaka, inasukuma..."

"Basi wewe ungebaki nyumbani. Na pamba yao ungeendelea kuilima."

Jibu lile halikuniridhisha. Mpaka leo haliniridhishi.

Kule shule nilikuwa nimefundishwa useremala kidogo, kwenye meza inayoubana mti ili mikono ya fundi ibaki huru. Nikamwambia kaka nitamtengenezea meza kama ile, ya kukaa nje, kwa kuwa kibanda chetu cha nyasi hakikutosha hata kulala. Uso wa meza niliutoa kwenye kitako cha mtumbwi uliopasuliwa. Ulikuwa mvule mnene uliokwisha kuzoea maji, na mvua isingeufanya kitu. Miguu ilikuwa minne ya mti wa mkongo. Ncha zake nilizibabua motoni hadi zikawa nyeusi, mchwa wasizitamani. Misumari haikuwapo, kwa hiyo nilitoboa matundu kwa chuma cha moto nikaunga kwa vigingi. Juu nikatoboa matundu mengine mawili, nikapitisha ukanda wa ngozi ulioshuka mpaka chini na kuishia kwenye kitanzi. Ukilaza mti juu ya meza chini ya ukanda, ukaingiza mguu kwenye kitanzi na kukanyaga, ukanda unaubana mti usitikisike.

Kaka alisimama mbele ya meza, akakanyaga, akapiga tezo. Mti ukatulia. Alichonga mpaka jua likampata, na shemeji akaacha kupepeta akamtazama.

Siku zilizofuata hakuja mtu. Wanawake waliokwenda mtoni na vyuma vya majembe yao kichwani walizunguka kwa nyuma, njia ndefu yenye miiba. Nilidhani wanamdharau kwa ajili ya mkono wake. Nilikasirika, nikaanza kutunga maneno ya kuwaambia.

Hatimaye alikuja mjomba, kaka yake mama, aliyetumikishwa kwenye shamba la pamba la serikali kabla ya vita. Alishika chuma cha jembe na tawi la mkole. Alisimama mbali.

"Shikamoo mjomba. Karibu, mbona unasimama juani?"

"Marahaba. Hapa panatosha." Alinyoosha kidevu kuelekea meza. "Kifaa hicho ninakijua."

"Ni meza ya seremala, mjomba."

"Hata kile cha bomani kilitengenezwa na seremala. Unalazwa kwa tumbo, unafungwa mkanda, unahesabiwa viboko hamsa ishirini, vitano juu ya ishirini. Nimelazwa mimi."

Sisi shuleni tulichapwa tumesimama, na kifaa kile sikuwahi kukiona. Hata hivyo nilitaka kubisha, niseme kwamba mti ni mti. Nikatazama ule ukanda wa ngozi.

Kaka alitoa mguu kwenye kitanzi. "Mjomba, kile kilikufika wapi?"

Mjomba aliweka kiganja chini kidogo ya kitovu. Meza yetu ilifika papo hapo.

Kaka akachukua msumeno wangu mdogo wa shule, akampelekea. "Kata wewe. Palipo sawa kwako."

Mjomba alisogea akaupokea. Kisha tukailaza meza ubavu, akapiga magoti, akakata miguu yote minne, ikabaki ikifika chini kidogo ya goti lake. Mkongo ni mgumu. Jasho lilimtoka, lakini nilipotaka kumpokea aliniambia nikae. Alipomaliza tuliisimamisha, tukaufupisha ukanda. Ilikuwa fupi kama kigoda cha mtu mnene, na kaka akaketi chini mbele yake alivyozoea zamani, mguu kwenye kitanzi.

"Sasa mlaze mtu hapo," mjomba alisema. "Labda mbuzi."

Kaka alicheka, akaokota kimojawapo cha vipande vilivyokatwa. "Hiki kinatosha mpini wako."

"Hicho hapana. Chonga huu mkole wangu."

Akachonga mkole. Mjomba akaujaribu mpini kwenye udongo pale pale, akaondoka kwa njia ya mbele, jembe begani, ili aonekane.

Jioni shemeji alivifanya kuni vile vipande vinne. Nilimuuliza kaka kama hakuona tangu mwanzo kwamba meza inafanana na kile cha bomani.

"Niliona ulipoweka ukanda."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka mkono wa pili," alisema, akapokea bakuli kwa shemeji huku akimtazama usoni.