Ugoro wa Granträsk

Tangu afiwe na mumewe, Tekla Nordlöf ndiye aliyesafisha chumba cha kungojea treni pale Granträsk, na hakuwahi kuuzoea ugoro. Wanaume wa kijiji chetu, na wa Lillåsen ng'ambo ya ziwa, waliutoa kwa kidole chini ya mdomo wa juu wakaupachika popote: ukutani, kwenye jiko la kuni, chini ya benchi. Ukikauka, ulishika kama gundi. Ukilowa, ulinuka kama jaa. Tekla aliukwangua kwa kisu huku amebana pumzi.

Asubuhi moja ya Machi alivaa koti lake jeusi. Dada yake Signe angepasuliwa mchana ule mjini, na ombi lake lilikuwa moja tu: Tekla amshike mkono kabla hajapewa dawa ya usingizi.

Treni yetu haisimami hovyo. Lazima mtu ageuze kibao chekundu kwenye nguzo, dereva akione.

"We Evert, nigeuzie kibao!" Tekla akaita kutoka ndani. "Namalizia uchafu wenu huu."

"Usijali, Bi Tekla."

Pale nje walikuwa watatu wakingoja treni hiyo hiyo. Evert akamtazama Hjalmar, kwa kuwa Hjalmar ni mzee wa kanisa. Hjalmar akamtazama mke wa mwalimu. Kwetu kujitanguliza ni aibu kubwa kuliko kuiba. Hata kipande cha mwisho cha keki hukaukia sahanini. Wakapishana, wakatabasamu. Treni ikapiga honi, ikapita.

Tekla akatoka mbio, ndoo mkononi.

"Mmefanya nini?"

"Mimi nilidhani Hjalmar..."

"Aa, mimi tena? Nijifanye mkubwa?"

"Ala! Mbona kupachika ugoro hamngojani?"

Akawamwagia maji yote ya kahawia juu ya viatu vyao vya kusafiria. Wakabaki wamesimama humo humo, kila mmoja akingoja mwenzake asogee kwanza. Tekla akatema mate pembeni, akaenda kwenye nguzo, akageuza kibao mwenyewe.

Iliyosimama ni treni ya mizigo.

"Mama, hii ni ya nguruwe!" dereva akafoka.

"Nimeishi na wachafu zaidi. Nipandishe, dada yangu anapasuliwa."

Akapandishwa. Hospitalini alimkuta Signe ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, wauguzi wakianza kumsukuma. Signe akakunja pua.

"Tekla, unanuka nini?"

"Nguruwe. Nyamaza, lete mkono."