Mafuta ya Nazi Kwenye Bwawa la Bwana Twahir

Afadhali niyaseme mwenyewe kuliko myasikie kwa muuza kahawa wa sokoni, ambaye mpaka leo anaapa kwamba nilitolewa majini na watu sita na kamba, ilhali ukweli ni kwamba alinitoa mtu mmoja, mwanamke, kwa taulo. Naona haya hata kuandika. Lakini mimi si mtu wa kujificha. Nimekaa Doha miaka saba, nimerudi na diploma ya usimamizi wa hoteli (ya kusomea, si ya kununua, ipo sebuleni ukutani ndani ya fremu na yeyote anakaribishwa kuitazama), nimejenga nyumba yenye vigae mpaka barazani, na yote hayo bila ya mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Mtu kama huyo akizama, mji wote lazima uzungumze.

Jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu Zulfa, ni kwamba sijui kuogelea. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na alitufundisha kwamba bahari ina wenyewe, tuwaachie, basi nikakulia Malindi nikiijua bahari kwa harufu tu. Huko Doha nako nilifanya kazi kando ya bwawa la hoteli miaka saba mizima bila ya kulowa hata kifundo cha mguu, kwa sababu nilikuwa msimamizi wa taulo. Msicheke. Katika zamu yangu haikupotea hata moja.

Sasa, Bwana Twahir, mwenye hoteli ndogo iliyo karibu na ufuo, alikuwa anatafuta meneja, na mimi kazi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, maana nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba nimerudi kuwa meneja, na miezi ilikuwa inapita, na salamu za watu zilikuwa zimeanza kuwa na swali ndani yake. Nikaandika barua. Humo nikasema nina uzoefu wa miaka saba katika mazingira ya bwawa la kuogelea (tafuteni uongo hapo, hampati). Nikaitwa mahojiano, Jumatatu. Kisha nikasikia kwamba kila Jumamosi asubuhi hotelini pale kuna darasa la kuogelea la watoto wadogo na wazazi wao, na kwamba Bwana Twahir hukaa barazani na kahawa yake akimtazama mjukuu wake anavyorusha maji. Nikapata wazo. Nitamwandikisha binti yangu Nasra, wa miaka miwili na nusu, mwalimu atamchukua aende naye majini, na mimi nitakaa kitini nimetulia, nimependeza, Bwana Twahir ananiona, ananizoea, Jumatatu hanioni tena mgeni.

Asubuhi ile Zulfa alikuwa ameshafungua duka lake la nguo, kwa hivyo nyumbani tulikuwa mimi, Nasra, na mama mkwe wangu Bi Rukia, mzaliwa wa visiwani Lamu, ambaye kila siku humkanda mjukuu wake kwa mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, tangu utosini hadi unyayoni, mtoto anang'aa kama sahani ya shaba.

"Mwanangu, mtoto anapelekwa wapi asubuhi yote hii?" akaniuliza.

"Darasani, mama. Akafundishwe kuogelea na wataalamu."

"Akafundishwe," akarudia taratibu. Akamtazama Nasra, Nasra akamtazama yeye, wakacheka wote wawili, nami nikadhani wanacheka mambo yao.

Masharti ya darasa nilikuwa nimetumiwa kwenye simu na niliyasoma yote (mtu wa diploma husoma masharti). Moja lilisema mtoto aoshwe vizuri, asipakwe mafuta ya aina yoyote. Nikamtazama Nasra, nikatazama saa. Kumwogesha upya kwa sabuni kungetuchelewesha, na mimi sikurudi kutoka Doha kuja kuchelewa mbele ya Bwana Twahir. Basi nikalifikiri jambo kisomi. Maji na mafuta hayachanganyiki, hilo hata mtoto wa shule analijua, kwa hiyo mtoto mwenye mafuta ndiye aliyekingwa dhidi ya ile dawa kali ya bwawa, na aliyeandika lile sharti hakufikiri. Nikachukua chupa nikamwongeza. Halafu, kwa kuwa nami nilitaka kung'aa kidogo, nikajipaka mikono, shingo na miguu.

Tulipofika walikuwa wameshakusanyika akina mama watano na watoto wao, wamevaa mavazi ya kuogelea ya kuwafunika mwili mzima. Bwana Twahir alikuwa barazani, kikombe mkononi. Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kipenga shingoni, Mwalimu Kadzo. Nikatoa salamu, nikataja jina langu lifike mpaka barazani, nikavuta kiti, nikakaa, nikakunja nne.

"Baba Nasra," akasema, "hapo unangoja nani?"

"Nakungoja wewe umchukue mtoto."

"Hili ni darasa la mzazi na mtoto. Mtoto haingii bila ya mzazi. Bukta zipo kule chumbani."

Akina mama wakageuka. Bwana Twahir akashusha kikombe. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshikwa na tumbo la ghafla akaenda zake nyumbani. Mimi nikaenda kuvaa bukta.

Niliporudi akaniuliza mbele ya wote, "Unajua kuogelea?"

"Mwalimu, mimi ni mtu wa Malindi."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza kuogelea."

"Mtu wa Malindi anaulizwa hilo? Kwani wewe mwenzangu watoka wapi?"

"Kakuyuni."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Kakuyuni kwenye mashamba? Kuna bahari huko?"

"Hakuna. Ndiyo maana nilijifunza."

Mama mmoja akaficha uso nyuma ya kichwa cha mwanawe. Na hapo Bwana Twahir, kwa wema wake, akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. "Mwache, mwalimu," akasema kutoka barazani. "Huyo nimesoma barua yake. Ana miaka saba ya bwawa."

"Basi vizuri," akasema Kadzo. "Atasimama pale kwenye kamba, upande wa kina, atulindie wengine."

Kamba ile ilikuwa imekatisha bwawa katikati. Huku maji yalinifika kiunoni, kule ng'ambo sakafu ilishuka kusikoonekana. Nikasimama nimeipa kamba mgongo, Nasra mikononi, nikitabasamu kuelekea barazani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Niliona kitu kama upinde wa mvua kinatanda majini kutuzunguka, nikakipuuza.

"Sharti kubwa ni moja," Kadzo akatuambia. "Mtoto husoma uso wa mzazi. Mzazi akishtuka, mtoto ataogopa maji mpaka uzeeni. Kwa hiyo litokee lolote, hakuna kupiga kelele, na wimbo haukatizwi. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Tukaimba.

"Bata mdogo, piga maji, pa, pa, pa. Bata mdogo, zunguka, pa, pa, pa."

Ubeti wa kwanza nilikwenda vizuri, na nakiri sauti yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Ubeti wa pili bata anaruka, yaani mzazi anamnyanyua mtoto juu kisha anamshusha majini polepole. Nikamnyanyua Nasra kwa madaha, juu kuliko wenzake wote, ili aonekane barazani, naye akanichomoka mikononi kama samaki mkunga, akapita juu ya bega langu, juu ya kamba, akatua kule kwenye kina.

Nilimfuata. Hilo mniandikie katika mema yangu, sikufikiri hata kidogo, niliivuka kamba kwa tumbo nikaenda chini kama jiwe la kusagia, nikitafuta sakafu kwa miguu na sakafu haipo. Nilipoibuka mara ya kwanza nilimwona mwanangu kwa jicho moja. Alikuwa amelala chali juu ya maji, mikono ameitandaza, tumbo juu, anatazama mawingu. Nilipoibuka mara ya pili niliwaona akina mama, macho yamewatoka, watoto wamewakumbatia, na wote wanaimba.

"Bata mdogo, piga maji, pa, pa, pa."

Nataka mnielewe. Nilikuwa nakufa, na watu watano walikuwa wananiangalia na kuimba habari za bata, kwa sababu hilo ndilo sharti, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelikubali. Nilitaka kusema nisaidieni, lakini kila nilipofungua kinywa niliingiza bwawa.

"Baba, lala," nikasikia karibu na sikio. Ni Nasra, amelala vile vile, hana wasiwasi. "Lala, Baba. Tumbo juu."

Sikulala. Nilipiga mateke. Kadzo akafika, akamsukuma Nasra taratibu mpaka mikononi mwa mama aliyekuwa karibu, kisha akanishika mkono, mkono ukamponyoka. Akanishika shingo, shingo ikamponyoka. Akanishika mguu, nao ukaenda zake.

"Baba Nasra, umejipaka nini?" akaninong'oneza huku akitabasamu, maana watoto wanamtazama.

Nikamjibu kwa mapovu. Akaangalia barazani, na kwa kuwa wimbo haukatizwi, akaomba kwa sauti ile ile ya wimbo, bila ya kukosea mapigo:

"Bwana Twahir, leta taulo, pa, pa, pa."

Bwana Twahir akaweka kikombe, akaja mbio na kanzu yake, akairusha taulo. Kadzo akaipitisha chini ya makwapa yangu, akaifunga mbele, akanivuta kama mtumba wa nguo mpaka ngazini, na akina mama wale, ili watoto waone ni mchezo, wakageuza maneno: "Baba Nasra, piga maji, pa, pa, pa." Watoto wakapiga makofi. Mjukuu wa Bwana Twahir alitaka nirudie.

Nikalazwa kwenye vigae. Bwawa lilikuwa limetanda mafuta kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, watoto wakatolewa, kikawekwa kibao cha kufunga, na wageni wawili waliokuja na mikeka yao wakasimama wakinusa nazi.

Bwana Twahir akasimama juu yangu, kanzu imelowa magotini. "Miaka saba," akasema.

"Kando ya bwawa," nikajibu huku nikikohoa. "Kando."

"Ukifanya kazi gani?"

Nikatazama kile kilichonifunga kifuani. "Hizi."

Akakamua maji kwenye kanzu, akarudi kwenye kahawa yake.

Nyumbani sikuwa na la kuficha, mtoto alikuwa ameshayasema yote mlangoni. Nikamuuliza Bi Rukia Nasra amejifunzia wapi kuelea.

"Ufukweni, Mambrui," akasema, akichambua mchele. "Siku unazokwenda kupeleka barua zako, mimi na Zulfa humchukua, maji yakiwa yametulia. Kwetu visiwani mtoto huelea kabla hajajua kuvaa viatu."

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Ulisema kuna wataalamu, mwanangu. Nikaona nisiingilie. Na mafuta nilimpaka nikijua utamwosha. Mafuta ni ya kupaka ukitoka majini, si ukienda."

Zulfa alikuwa amerudi kutoka dukani, amesimama mlangoni na mtandio mkononi. Hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. "Na wewe, Baba Nasra, mbona hukutuambia?"

Nikaenda kuoga kwa sabuni mara tatu.

Jumatatu nilikwenda kwenye mahojiano. Wengi wasingekwenda, lakini mimi nilivaa suti. Bwana Twahir aliishika diploma yangu, akaisoma mbele na nyuma.

"Hii ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Unajua kuogelea?"

Nilikwisha kufungua kinywa kusema mimi ni mtu wa Malindi. Nikameza. "Sijui," nikasema, na neno lile lilikuwa zito kupanda kuliko maji yote niliyoyatapika.

"Leo umejibu swali," akasema. "Hoteli yenye bwawa siwezi kumpa mtu anayezama ndani yake. Utaanza na stoo na taulo. Siku Mwalimu Kadzo atakaponiambia umevuka bwawa ncha hadi ncha, tutazungumza umeneja."

Basi ndiyo hali. Nimeapa sitajibu tena swali la kazi kwa kutaja mji wangu, na chupa ya mafuta ya nazi nikiiona naipisha njia kama mkwe. Taulo za Bwana Twahir hazijawahi kukunjwa vile (ulizeni). Na kila Jumamosi naingia darasani na watoto, nimeogeshwa, Kadzo wa Kakuyuni ameshika kisogo changu kwa kiganja kimoja, akina mama wanaimba ule ubeti wenye jina langu, ambao sasa umekuwa wa kudumu, na Nasra amekaa ukingoni akinisimamia.

"Lala, Baba. Tumbo juu."

Nalala. Jumamosi iliyopita Kadzo aliondoa kiganja na sikuzama mpaka mwisho wa ubeti. Cheti sijapewa bado, lakini pale sebuleni, kando ya diploma, msumari nimeshaupigilia.