Sista wa Jumamosi

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, shirika moja liliniajiri kuwasaidia wasichana wa sekondari kimasomo kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, mtaani Tassia. Wasichana waliniita Sista, kama dada yao mkubwa. Kazi ilikuwa na malipo, ila hakuna msichana aliyekuwa ameniuliza juu ya hayo.

Aliyeuliza kwanza alikuwa wa kidato cha tatu. Mama yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, naye alikuwa ameanza kusema ataacha shule amfuate kiwandani. Tulikuwa tunafanya kemia aliponyanyua kichwa.

"Sista, kwani we hulipwa kuja hapa?"

Nikakubali kwamba nalipwa. Nilidhani atanuna, aone urafiki wetu ulikuwa wa kununuliwa. Lakini alinikazia macho kwa hamu.

"Kwa kutufunza na kupiga stori tu?"

"Kwa hayo tu."

"Na mimi nikifika chuo, wanaweza kunichukua?"

"Ukifika, nitawaambia mimi mwenyewe."

Akainama tena kwenye kitabu. Tangu siku hiyo maswali yake yakawa mengine: kozi gani, alama ngapi, mkopo wa serikali unaombwaje. Mengine sikuyajua, ikabidi nikaulize chuoni.

Mwaka huu ameingia chuo kusomea uuguzi. Nilitimiza ahadi, na shirika likamchukua kwa kazi ile ile ya Jumamosi. Mama yake alinipigia simu akiwa kazini, mashine zikinguruma nyuma yake, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akakata haraka kwa sababu msimamizi alikuwa anakuja.