Papa Ngoy na Udongo Mweupe

Papa Ngoy alikuwa hali chakula kilichoguswa na mtu mwingine. Nasema mapema ili mjue ni mtu wa namna gani. Mkate anaukata mwenyewe kwa kisu chake cha mfukoni. Kikombe anakisuuza mara tatu hata kama kimetoka kuoshwa sasa hivi. Na kila akimaliza kuandika tamko la forodha, anajimiminia viganjani dawa ya mikono yenye harufu ya limau, anasugua, anasugua, mpaka harufu inanifikia mimi niliyeketi meza ya pili. Miaka kumi na moja nimeivuta harufu hiyo. Siku hizi nikiisikia hata ndani ya tramu, nashuka kituo kinachofuata.

Mimi ni Antoinette. Kwetu Kalemie nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Brussels nilikuwa karani wake. Nilichapa, nilipokea simu, niliwapanga wateja kwenye benchi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, karibu na stesheni ya Gare du Midi. Kazi ni hii: mtu akileta mzigo kutoka ng'ambo, serikali inataka kujua ni kitu gani, na kila kitu duniani kina namba yake kwenye kitabu cha ushuru. Ukikosea namba, mzigo unazuiwa bandarini Antwerp, na mwenye mzigo anakuja kukulilia mpaka jioni.

Papa Ngoy hakukosea. Kitabu kile alikijua kama padri anavyoijua misa. Watu wetu wa Katanga walikuwa wakimchokoza kwenye sherehe: wanataja kitu, naye anataja namba ya sura yake kwa Kifaransa. "Papa Ngoy, mafuta ya mawese?" "Quinze." "Ngoma?" "Quatre-vingt-douze." "Na perruque ya bibi yangu, zile nywele za bandia?" "Soixante-sept, pamoja na manyoya na maua ya plastiki." Wanakufa kwa kicheko, yeye hata kutabasamu hatabasamu. Siku tuliyomzika mkewe nilisimama nyuma yake. Wanaume walipolishusha jeneza nilimsikia akinong'ona, "Quarante-quatre. Kazi ya mbao." Wengine walisema ni uchungu. Labda. Mimi nilitaka kumfinya.

Alibaki na binti mmoja, Océane, ambaye alikuwa akiishi naye Koekelberg kwa sababu mumewe anaendesha lori na wiki nzima yuko barabarani. Msichana mpole, alimwamini baba yake kupita kiasi. Tangu akiwa mdogo alimsikia akisema neno lile lile mezani kuhusu douane, yaani forodha: "Kintu ya mubaya haipitake ku douane, binti yangu. Miye niko pale." Mwishoni mwa mwaka jana Océane akapata mimba yake ya kwanza, na Papa Ngoy kwa mara ya kwanza nikamwona anapiga mluzi ofisini.

Sasa nije kwenye udongo.

Kwetu tunauita pemba. Ni udongo mweupe, unachimbwa, unafinyangwa vidonge kama mayai, unaanikwa juani. Wanawake wenye mimba wanaula. Simcheki mtu hapa, kwa maana nikiwa na mimba ya kwanza niliutafuna mpaka ulimi ukawa mkavu kama ubao. Ile harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, mwenye mimba akiisikia hawezi kujizuia. Shida ni kwamba pemba inayoletwa huku mara nyingi ina risasi ndani yake. Sisemi risasi ya bunduki, nasema yale madini mazito ambayo Wabelgiji wanayaita plomb. Ukiutangaza udongo huo kuwa chakula, wakaguzi wanauchukua, wanaupima, na mzigo wote unakwenda kutupwa.

Papa Aristote, mzee wa Likasi mwenye duka kubwa la vyakula vya nyumbani, alikuwa akiuleta kwa magunia, na mteja mkubwa kuliko yeye hatukuwa naye. Papa Ngoy alimwandikia sura ya ishirini na tano, chumvi, mawe na udongo. Hapo hakuna uongo, udongo ni udongo. Uongo ulikuwa kwenye maneno yanayofuata namba: kwa kupaka usoni, si kwa kuliwa. Magunia arobaini ya kupaka usoni! Wanawake wote wa Brussels wangejipaka asubuhi na jioni, wakapaka na waume zao, wasingeyamaliza. Na lebo nilichapa mimi. Maneno usage externe, matumizi ya nje, niliyaweka chini kabisa, madogo kama mayai ya chawa, kwa kuwa ndivyo Papa Aristote alivyotaka.

Niliwahi kumwuliza Papa Ngoy kama hayamsumbui. Alinitazama juu ya miwani. "Antoinette, miye naandika kintu. Tumbo ya batu haiko mu kitabu." Akafungua chupa yake ya limau.

Mwezi wa tatu Océane alianguka ndani ya tramu. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Tulimpeleka hospitali, Laeken, mimi na baba yake, na baada ya siku chache tukaitwa kusikia majibu. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Céline, hakuzunguka. Damu ni pungufu, na ndani yake kuna plomb. Madini hayo, alisema, yanavuka kwenda kwa mtoto na kuushika ubongo wake. Yakishuka sasa, mtoto ana nafasi nzuri. Yakizidi kupanda, hawezi kuahidi chochote.

"Yanatoka wapi?" akauliza. "Mabomba ya zamani? Rangi za ukutani?"

"Mabomba," Papa Ngoy alijibu haraka. "Nyumba yetu ni ya kale, daktari."

Océane aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia kucha zake, na chini ya kucha kulikuwa na weupe. Wazee walisema mficha uchi hazai, lakini binti anaona haya mbele ya baba yake, utamfanya nini? Tulipotoka nikamvuta Papa Ngoy pembeni. "Papa Ngoy, mutoto anakula pemba."

Uso wake ulibadilika, nikamhurumia. Huruma yangu haikudumu.

Usiku ule ule aliukung'uta mkoba wa bintiye juu ya kitanda. Vidonge vitatu vikaanguka, vimefungwa kwenye gazeti, vimenunuliwa soko la Jumapili la Midi. Akavitupa chooni akavuta maji. Akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Na unajua alimwambia nini? Océane mwenyewe alinisimulia. Alimwambia, "Hii ilikuya mu valise! Bale bamama banaiingizaka mu valise! Haikupita ku douane, njo maana iko chafu!"

Lo! Mwanamume huyo! Alijua vizuri kwamba wale wamama wa sokoni wanachota kwenye magunia ya Papa Aristote. Aliyajua magunia, alizijua namba, angeweza kukutajia na tarehe. Akaona bora awasingizie wanawake maskini na masanduku yao ya safari kuliko kumwambia mwanawe: ni mimi.

Océane akaapa kwamba sokoni hatanunua tena.

Alhamisi iliyofuata Papa Aristote akapanda ngazi zetu, anahema, ana karatasi za mzigo mpya. Magunia arobaini mengine. Safari hii alitaka udongo ugawanywe kwenye pakiti ndogo za kung'aa, na juu ya lebo, kwa herufi kubwa, iandikwe namba ya tamko la forodha. "Clients banapendaka kuona numéro," alisema. "Banajua kama kintu iko en règle, iko halali. Bon, Ngoy, ndugu yangu, tufanye kama siku zote."

Akashuka. Nikageuza kiti.

"Papa Ngoy, utaandika nini?"

"Ile tunaandikaka."

"Na mutoto wako?"

"Mutoto wangu hataikula tena. Nilimukataza."

"Na batoto ya benzako?"

Alivua miwani akaifuta kwa leso, polepole, kila kioo. "Nikiandika chakula, banafungua container. Banafungua na ma-dossier, mafaili yote ya nyuma. Miaka dix-neuf, kumi na tisa, Antoinette. Miaka dix-neuf déclaration yangu haijarudishwa hata moja. Unasikia? Hata moja."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa binti yake udongo ulikuwa sumu ya kutupwa chooni, kwa mabinti wa wengine ulikuwa sura ya ishirini na tano. Akaandika, akapeleka, akajimiminia limau. Nilikwenda dirishani nikalifungua ili nipate hewa. Ptuu! Nilitema mate kabisa, yakaangukia kibaraza cha duka la simu.

Halafu nikarudi mezani nikachapa lebo. Mia nane za kwanza. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimechefuka, na nilichapa, yote mawili. Nilijiambia mimi ni karani tu. Hata karatasi zilipokwama kwenye mashine, nilizikwamua.

Wiki sita zikapita. Océane alikuwa akikaribia mwezi wa saba. Alinenepa mashavu, akawa anacheka, Papa Ngoy akarudia kupiga mluzi. Tukaenda Laeken kusikia majibu ya pili, na Océane akanishika mkono, kwa sababu mama hana na mumewe alikuwa njiani kutoka Hispania.

Daktari Céline alitusomea karatasi. Plomb haikushuka. Ilikuwa imekaribia mara mbili ya ile ya kwanza.

"Madame," alisema, na safari hii sauti haikuwa na upole, "unakula nini?"

Océane hakuona haya hata kidogo. Alifungua mkoba akatoa pakiti ya kung'aa, akaiweka mezani kama mwanafunzi anayeonyesha daftari safi. Niliijua kabla haijagusa meza.

"Ile ya sokoni niliiacha, daktari," alisema kwa Kifaransa. "Hii ni safi." Akamgeukia baba yake. "Si iko na numéro ya douane, papa? Weye mwenyewe ulisema, ya valise njo mubaya. Hii ilipita kwako."

Nilimwona Papa Ngoy anaisoma ile namba kwa macho, tarakimu moja moja, na alipofika mwisho akaanza tena.

Daktari aliinua pakiti akaisogeza karibu na taa. "Hapa chini pameandikwa kwa matumizi ya nje. Hii ni ya kupaka. Nani alikuambia inaliwa?" Océane alionekana kama mtu aliyekamatwa anakula sabuni. Daktari akashusha pumzi. "Sikilizeni, nahitaji kujua hiki ni kitu gani. Kama ni cha kupaka na madame amekosea, nitaandika hivyo. Kama kinauzwa kwa kuliwa, lazima nitoe taarifa leo, maana kuna wajawazito wengine mjini hapa wanaokila sasa hivi. Monsieur, wewe unakijua?"

Maisha yake yote Papa Ngoy ameulizwa swali hilo na hajawahi kukosa jibu. Nilijua angeweza kusema vingt-cinq, sura ya ishirini na tano. Angeweza kusema udongo wa urembo, daktari, binti yangu ni mjinga kidogo, na karatasi zote za miaka kumi na tisa zingemwunga mkono. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia kwa ajili ya jibu hilo. Mkono wa Océane ulikuwa bado ndani ya wangu.

"Chakula," alisema.

"Samahani?"

"Ni chakula, daktari. Kinaletwa kwa kuliwa. Siku zote."

"Lakini hapa pameandikwa…"

"Ni mimi niliyeandika."

Océane alimwangalia baba yake, akaiangalia pakiti, akamwangalia tena, na niliona jambo lenyewe linamwingia taratibu. Hakulia. Alinigeukia mimi. "Tantine, ulijua?"

Ningeweza kunyamaza. Daktari hakuniuliza mimi, na sahihi yangu haimo popote. "Ile etiketi," nikasema, "njo miye niliichapa."

Aliuondoa mkono wake kwenye wangu, akauweka juu ya tumbo. Kisha akamwomba daktari, kwa Kifaransa cha adabu kabisa, atutoe nje sote wawili.

Tukakaa kwenye viti vya ukumbini. Papa Ngoy akaingiza mkono mfukoni akatoa chupa yake, akajimiminia, akasugua. Halafu, bila kunitazama, akaninyooshea chupa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakinga viganja.

Taarifa ilitolewa siku ile ile. Duka la Papa Aristote lilifungwa, ofisi yetu nayo ikafungwa, na Papa Ngoy akawakabidhi wakaguzi ma-dossier yote mwenyewe, yamepangwa kwa tarehe. Océane alihamia kwa mama mkwe wake. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, msichana, mdogo, na wanampima damu kila mwezi. Bado hawajui akili yake itakuwaje. Nimeyasikia kwa watu wa kanisani. Ubatizo ulikuwa Jumapili iliyopita, na sisi hatukuitwa.