Gego Langu Haling'oki

Mimi husafisha meno kwa uzi, na husafishia pale pale kwenye bomba la ploti tunayopanga, mbele ya watu. Anayetaka kucheka acheke. Wa kwanza kucheka alikuwa jirani wa mlango wa pili, kijana wa rika langu anayeuza viatu vya mtumba. "Niaje, fundi? Leo unashona suruali ama shati?" Nikamwambia akaribie nimshonee mdomo, maana harufu yake imefika mpaka kwa kamba ya nguo. Wenzake wakamgeukia yeye. Siku hizi hunisalimia akiwa mbali.

Kwetu Makadara, jino likiuma linang'olewa. Basi. Haliulizwi lina nini. Mama yangu ni fundi wa cherehani, na tangu nimjue hukata uzi kwa meno, makasi yakiwa hapo hapo kando. Meno yalipoanza kumsumbua aling'oa moja, kisha jingine, na sasa akicheka huziba mdomo kwa ncha ya leso. Aliyempeleka kung'oa ni shangazi yangu, dada yake Baba. Huyo hutupeleka wote. Kwake jino bovu ni kama mpangaji msumbufu, dawa ni kumfukuza.

Mwaka jana zamu ikanifikia. Jumapili moja tulikula nyama choma pale soko la Burma, ikanasa kwenye gego la chini, nikachokoa kwa kijiti hadi nikachoka. Kesho yake shavu lilikuwa limefura. Shangazi akafika na mkoba begani. "Twende litoke. Mimi la kwanza nilitolewa nikiwa mdogo kuliko wewe."

Daktari wa meno alichungulia, akasema gego lina tundu lakini linazibika. Kinacholiharibu ni mabaki yanayokaa katikati, mahali mswaki haufiki. Nikisafisha kwa uzi kila siku, nitakaa nalo.

"Daktari," Shangazi akadakia, "sisi tumekuja kung'oa."

Hebu fikiria! Nimelazwa kitini, mdomo wazi, na mtu anaamua habari ya kinywa changu kana kwamba sipo. Hasira zikanipanda. Nikafunga mdomo, nikaketi wima.

"Shangazi, jino ni langu. Sing'oi."

"Ati?"

"Sing'oi. Nikiwa mtoto nilirusha jino juu ya mabati, jingine likaota. Hili nikilirusha leo, kutaota nini?"

Daktari alicheka. Shangazi alichukua mkoba wake, akatoka nje.

Gego likazibwa, nikaanza uzi. Siku za mwanzo fizi zilitoa damu, na ploti nzima ikageuka madaktari. Si unaona? Uzi unakukata! Shangazi akasema najichimbia kaburi. Hata Mama alinisihi niache, na hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nikimwangalia yeye kila nilipouvuta ule uzi. Sikutaka kufika umri wake nikiogopa kucheka. Daktari alikuwa amenionya kwamba fizi zilizovimba hutoa damu mwanzoni, kwa hiyo sikuacha. Damu ikakoma. Hapo hakuna aliyesema kitu. Watu wa kwetu ukikosea wana maneno, ukipatia wanashikwa na kikohozi.

Juzi jino la Mama likaanza kuuma, lile la mbele analokatia uzi. Shangazi hakukawia, akaja na ule mkoba wake. Alimkuta Mama kwenye cherehani, anamalizia sketi ya shule.

"Haya, wifi, vaa viatu twende."

Mama hakuinuka. "Wifi, keti unywe chai. Hili haling'oki."

Shangazi akanigeukia, macho makali. "Ni wewe umemfundisha!"

"Ndiyo, ni mimi," nikamjibu.

"Mwache," Mama akasema. "Mengine mlinitoa nikanyamaza. Hili mwanangu atanipeleka lizibwe. Na kama ni kuzikwa, nitazikwa nalo."

Shangazi akaketi, mkoba mapajani. Mama akaikanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akaitoa ile sketi, akavuta uzi na kuupeleka mdomoni kama alivyozoea. Akasita. Kisha akaushusha, akachukua makasi.