Watu Waliolala Siku ya Shukrani

Mwalimu alimwambia mdogo wangu aende na jibu: familia yenu hufanya nini Siku ya Shukrani? Akamuuliza mama jikoni, siku moja kabla, mama akiwa bado amevaa sare ya hoteli na ameegemea friji.

"Tunapika," mama alisema.

"Halafu?"

"Halafu tunangoja watu."

"Watu gani?"

Mama alianza kumenya vitunguu. Mdogo wangu alikuwa na miaka minane na hakuwa mtu wa kusahau.

"Mwaka jana hakuja mtu," alisema. "Niseme tunangoja, halafu hawaji?"

"Sema tunapika," nikamwambia.

Ilikuwa kweli hakuja mtu. Mwaka uliotangulia, 2017, tulipokuwa bado wageni hapa Fort Worth, mama alipika sufuria tatu kubwa. Alifagia, akatandika mkeka juu ya zulia, akaacha mlango bila kufunga kwa ufunguo. Tulikaa. Baba alikuwa ametoka kazini asubuhi, akasinzia akiwa amekaa wima, akaamka, akauliza kama watu wamefika. Alasiri simu ya hoteli ikalia. Kuna mfanyakazi hakutokea, je, mama angeweza kwenda? Mama alitazama zile sufuria, akavua khanga, akavaa sare. Chakula kile tulikila hadi tukakichoka, na mwisho alikimwaga. Sikuwahi kumwona mama akimwaga chakula kabla ya hapo. Aliinamia pipa kama anayezika.

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka, na mama alikuwa amekwisha kusema neno lake. Alilisema ndani ya gari tukirudi kutoka kazini, maana na mimi nilikuwa nakunja mashuka katika hoteli hiyohiyo. "Mwaka huu wasipokuja, basi. Mwakani siombi ruhusa. Nitafanya kazi siku hiyo kama wengine, wanalipa zaidi."

Mimi si msemaji. Lakini neno lile liliniumiza. Baba alifanya kazi usiku kwenye ghala la vifurushi, mama mchana. Walikuwa wakikutana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Alhamisi ile moja ya Shukrani ndiyo iliyokuwa siku ya kuwaona wote wawili wamekaa. Krismasi ghala halikumpa baba nafasi, na Jumapili nyingi hoteli haikumpa mama.

Nilimwuliza kwa nini asiwaite tu hao watu, wenzetu wa kambi ya wakimbizi walioletwa kwenye majengo haya haya.

"Kuwaita?" Aliniangalia kama nimetukana. "Anayeitwa ni mgeni. Jirani anajileta."

Kambini ndivyo ilivyokuwa. Kuta zilikuwa za udongo na paa za nyasi, na siku ya sikukuu ukikaanga kitunguu mtaa mzima ulijua. Watu walifuata moshi. Hakuna aliyesema karibu, kwa sababu kumwambia jirani karibu ilikuwa kama kumwambia kwamba siku nyingine hakaribishwi. Walikuja, wakakuta chakula au wakakuta bado, wakakaa. Mama alikulia hivyo, akazeeka hivyo kabla ya wakati, na hakuona sababu ya kubadilika kwa kuwa amepanda ndege.

Asubuhi ya Alhamisi tuliamka tumechelewa, sote watatu, baba akiwa bado ghalani. Ndipo tukagundua kosa letu. Bata mzinga, tuliyepewa kanisani, alikuwa bado kwenye friza. Alikuwa jiwe. Mama alimgonga na mpini wa kisu, akatoa mlio kama mlango.

"Nilidhani umemtoa," aliniambia.

"Nilidhani umemtoa wewe."

Hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana. Tulimweka kwenye bafu tukamfungulia maji, na mdogo wangu akapewa kazi ya kumgeuza. Alikaa ukingoni na mwiko, akimsukuma kama mashua. Nyumbani kwetu bata mzinga haingii kwenye oveni mzima. Mama humkata vipande kwa panga, akamchemsha mpaka akubali, kisha akamuunga kwa nyanya na mawese. Lakini panga halikati barafu. Ikabidi kungoja.

Mama akanituma kwa mama wa mapacha, jengo la pili, nikachukue lengalenga, ule mchicha wa kwetu. Mama huyo tulikuwa naye kambi moja. Kiangazi alipanda lengalenga kwenye ndoo barazani kwake, akazichemsha na kuzigandisha kwa ajili ya baridi. Alifungua mlango akiwa na sare ya kiwanda cha kuku, macho mekundu. Alikuwa ametoka zamu.

"Mama anasema naomba lengalenga."

"Anapika?"

"Anapika."

Alisimama pale, mkono kwenye kitasa. "Mwaka jana alipika?"

"Alipika. Sufuria tatu."

"Wewe mtoto." Alikaa kwenye kiti cha viatu kilichokuwa mlangoni. "Mwaka jana nilivaa gauni langu, nikamvalisha na yule mzee wangu shati. Tukakaa tunangoja dalili. Nikafungua dirisha, nikanusa. Hakuna. Nikasema labda wako kazini, nitaendaje kukaa mlangoni kwa mtu kama kuku? Tukavua, tukalala. Madirisha ya huku hayapitishi kitu."

Nilikuwa nimedhani mwaka mzima kwamba watu wametusahau.

"Amekutuma utuite?" aliuliza.

"Hapana. Lengalenga tu."

"Vizuri. Hujaniita." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, hakina sauti. "Wewe ndiye moshi. Sasa moshi hauishii nyumba moja, mwanangu. Pita na kwa yule nesi wa chini yenu."

Nesi alikuwa Mkenya. Tulisalimiana naye kwenye ngazi tu, na kila mara nilimjibu nikitazama miguu yake. Nilisimama mbele ya mlango wake na mfuko wa lengalenga ukinigandisha vidole. Nilitaka kwenda zangu. Kisha nikamkumbuka mama akivua ile khanga. Nikabisha hodi.

"Aki, ni wewe," alisema. Alikuwa na taulo kichwani. "Kuna shida?"

"Hapana, shangazi. Mama anapika."

Alingoja. Nami nikangoja.

"Anapika. Sawa. So tunakula saa ngapi?"

"Kikiiva."

"Na kitaiva saa ngapi? Jioni naingia kazi, mrembo. Lazima nijipange."

"Nyama bado iko bafuni," nilisema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

"Hiyo sitauliza," alisema. "Wacha nivae nikuje."

Niliporudi, baba alikuwa amefika. Alifika na mzee mwenye gari, yule aliyewabeba wafanyakazi wa ghala asubuhi na jioni. Kwa kawaida mzee humshusha baba na kuondoka hata injini haijapoa. Siku hiyo alipanda ngazi naye, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na vitunguu vimeanza kukaangwa, na alikuwa mtu wa kwetu. Hakuuliza. Alivua viatu, akasalimia, akakaa kwenye kochi, akaweka funguo zake juu ya goti. Mama wa mapacha akaja na mumewe na wale mapacha, wasichana wawili waliokwenda moja kwa moja bafuni kumtazama bata. Nesi akaja na soda na sare yake ya kazi ndani ya mfuko.

Mama hakusema karibuni. Alisema, "Mmeamkaje?" kama anayewaona kila siku. Lakini niliona mkono wake ukitafuta mahali pa kuushika mwiko.

"Bado," aliwaambia. "Nyama ina barafu."

"Hatukuja kwa nyama," alisema mume wa mama wa mapacha.

"Mimi nimekuja kwa nyama," alisema nesi. "Tusidanganyane."

Walicheka. Hakukuwa na mazungumzo marefu. Mzee mwenye gari alieleza kwamba ghalani vifurushi sasa vinafika dari, na kwamba wiki ijayo itakuwa mbaya zaidi. Nesi alisema miguu yake inavimba. Baba alisema ndiyo, ndiyo, na kichwa chake kikaanguka begani. Mzee akamwangalia, naye akafumba macho. Funguo zikadondoka gotini zikaingia kwenye zulia.

Barafu ilipolegea, mama na mimi tulimkatia bata juu ya ubao sakafuni, mama akipiga panga kwa kuvizia ili asishtue watu. Tukachemsha. Maharage yaliiva, lengalenga zikaiva. Niliposonga ugali wa muhogo na kugeuka kuomba sahani, nyumba ilikuwa kimya. Nilichungulia. Baba na mzee mwenye gari walikuwa wameegemeana. Mama wa mapacha alilala kwenye mkeka, gauni lake zuri limefunika miguu, na mumewe amelala upande wa pili kama mpaka. Nesi alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, taulo bado kichwani. Watoto tu ndio walikuwa macho, wanacheza kimya chini ya meza.

"Mama," mdogo wangu alinong'ona, "wamelala wote. Tuwaamshe?"

"Usimguse mtu."

"Lakini chakula kinapoa."

"Kitapashwa. Nesi tu tutamwamsha jioni ikikaribia."

Alipunguza moto. Alisimama kwenye mlango wa jiko akiwatazama, na sikuweza kujua kama amefurahi au amehuzunika. Ni watu wake, wamekuja, na hawana hata nguvu za kula. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mablanketi yetu yote, lile la kitanda changu pia, akawafunika mmoja mmoja. Funguo za mzee aliziokota akaziweka juu ya kabati.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya friji, na wote wawili tuliijua namba. Mama alinipa, kama kila mara, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kibovu lakini chake kilikuwa kibovu zaidi. Msimamizi aliongea haraka. Vyumba vingi, watu wachache, je, mama yupo huru? Mama alikuwa akinisoma uso, mkono tayari uko kwenye fundo la khanga.

Maneno yangu huchelewa, kwa Kiingereza hata zaidi. Msimamizi alisema halo, halo. Nikamwambia hapana, mama hawezi, nyumba imejaa watu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akakata.

"Umemwambia nini?"

"Nimesema una watu."

Mama aliliachia fundo la khanga. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye jiko lenye joto, akanyoosha miguu. Nikakaa karibu naye. Mdogo wangu akaja kutuuliza, kwa sauti ya chini, akamwambie nini mwalimu Jumatatu, kwamba tunapika halafu watu wanakuja kulala?

"Mwambie hivyo hivyo," mama alisema. Na yeye akafumba macho.

Nilibaki kuangalia sufuria.