Shokapu Laini za Kumfuata Mama Namasakata

Mama alianguka akitoka kuchota maji kijijini kwetu Namasakata, nyonga ikavunjika. Daktari wa Songea aliniambia nimlete akiwa amelala, na gari lisimtikise. Gari langu wakati huo lilikuwa likiruka kwenye kila shimo.

Asubuhi, gereji ya mtaa wa Lizaboni, Songea. Fundi Komba alikandamiza kona ya gari, akaiachia. Likanesa mara nne.

"Zimekufa hizi, kaka. Shokapu nzima hunesa mara moja, inatulia."

Mpya alizokuwa nazo zilikuwa ngumu, za magari ya mizigo. Laini zilikuwa za mtumba. Nilizikagua moja moja: hazikuvuja, fito hazikupinda, na nilipozisukuma zilizama polepole bila kukwama.

"Zimetoka gari gani?"

"Lililokuwa linabeba maiti, huko huko kwenu Tunduru," alisema bila kuniangalia. "Mwenyewe hakutaka jeneza litikisike."

Nilisita. Nikaikumbuka nyonga ya mama.

"Zifunge zote nne."

Alasiri niliacha lami. Mashimo niliyaona, lakini sikuyasikia. Gari lilipita kama linaelea, na ukimya ule ukaanza kunisumbua. Kwenye shamba la mikorosho, wanaume watatu waliweka majembe chini, wakainua viganja kama wanaosoma dua. Mbele kidogo wanawake waliacha kuongea, wakainama. Nilitazama nyuma. Hakukuwa na gari jingine.

Nilisimama penye mzee mmoja aliyekuwa kando ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Inna lillahi. Mmempoteza nani?"

"Hatujampoteza mtu. Kwa nini unauliza?"

"Gari la msiba tu ndilo hupita hapa bila kishindo."

"Hili si lile la msiba, mzee. Litazame."

Aligusa bodi, akauondoa mkono haraka. "Sisi tulizoea kulisikia, si kuliangalia."

Nyumbani nilipokelewa na kilio. Majirani walikuwa wamejaa uani. Nilikimbia ndani. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi, akinitazama.

"Wananililia mimi?" akauliza.

"Wamekosea, mama. Wamesikia kuwa gari la msiba linakuja huku."

"Tangu walipoanza, najishika mkono kuona kama una joto."

Dada yangu Mwanaidi alitoka kuwanyamazisha. Tukamlaza mama kwenye godoro nyuma ya gari, Mwanaidi akabaki na watoto wake, mimi nikaondoka.

Njiani kurudi, mama hakulalamika hata kidogo. Hilo ndilo nililolitaka, na hilo ndilo lililonitisha. Kwenye kioo niliona shuka limetulia. Nilimwita, kimya. Nikatamani shimo moja tu limwamshe agune. Nilisimama, nikaweka kiganja puani mwake.

Akafumbua macho. "Mbona umesimama? Nilikuwa nimelala vizuri."

"Nilidhani..."

"Basi tuongee," alisema taratibu. "Mimi nikinyamaza, niulize kitu."

Nilimuuliza majina ya majirani wote, bei za korosho, visa vya utotoni mwangu. Alinijibu mpaka taa za Songea zikaonekana.

Hospitalini daktari alishangaa mifupa haikusogea zaidi. Ukiniuliza shokapu za njia mbovu, nitakwambia: chagua laini, kagua kama zinavuja. Na ukibeba mgonjwa usiyetaka aumie, uwe tayari kwa ukimya wake, na umwongeleshe njia nzima.